Kaburi Ndani ya Mistari

Duka la kuchapisha karibu na soko la Nakuru lilikuwa limefurika watu. Wariara, katika jaketi lake la njano la kazini lenye maandishi ya rubani wa droni, alingoja ramani ya shamba atakalorushia droni. Kando yake, mwanamume mrefu mwenye suti nyeusi alingoja ratiba ya mazishi ya babake. Karatasi zao zikachanganyika.

"Madam, hii ni yako," mwanamume akasema, akimpa ramani. "Huko juu mnaonananga na waliotuacha?"

Wariara hakujua acheke au ampe pole. Akampa pole. Jina lake lilikuwa Weldon, daktari wa mifugo.

Msimu wa mvua ulipoanza, hawakulala bila kupigiana simu.

"Rubani wangu, umetua?"

"Nimetua. Na wewe, daktari wa ng'ombe, umekula?"

Kisha bosi akamtuma Wariara apange kupima shamba la Keringet lililotakiwa kugawanywa. Mteja aliitwa Kimutai. Alipofungua picha ya setilaiti, alilitambua boma ambalo Weldon alikuwa amemwonyesha kwenye simu: ni kwao, na Kimutai ni kaka yake mkubwa. Akaapa kumwambia jioni. Jioni ikapita, na nyingine, ulimi mzito.

Weldon alijionea mwenyewe Jumamosi moja, nyumbani kwa Wariara, mtaa wa Section 58. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, mistari ya safari ya droni imelikata shamba ua hadi ua.

"Hapa ni kwetu. Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka kukuambia..."

"Kimutai anagawa shamba, mama hajui, na wewe ndiye unampimia! Hata kaburi la mzee liko ndani ya mistari yako."

Akachukua koti, akaenda. Wariara alipompigia, simu hazikushikwa tena.

Wariara alilia, akanawa uso, akampigia Kimutai. "Sirushi mpaka mama na ndugu zako wote wawe shambani."

"Wewe ni wa kupima ama wa kuamua kesi?"

"Wa kupima. Lakini sipimi kwa siri."

Bosi alimfokea mbele ya wenzake, ila hakuwa na rubani mwingine. Kimutai akalazimika kuita familia.

Asubuhi ya kupima, ukungu uliifunika Keringet. Mama alikaa kwenye stuli, shuka mabegani. Weldon alifika na buti za matope, bila salamu.

"Kaburi litaonekana kwa picha?" hatimaye akamuuliza Wariara.

"Nyasi zimelifunika. Likipakwa chokaa, litaonekana, na hakuna atakayepitisha mpaka wa shamba hapo akisema hakujua."

Chokaa ikaletwa. Waliinama pamoja, wakapaka kingo.

"Ungeniambia."

"Niliogopa kukupoteza. Nisamehe."

"Na mimi ningeshika simu."

Ukungu ukainuka, droni ikapaa. Kimutai alisimama mbali, mikono mfukoni. Shamba lingegawanywa tu, hilo halikubadilika.

"Mama," Weldon akasema, "huyu ni Wariara. Nataka kumuoa."

Mama alimtazama sana. Alikuwa ameona mengi kati ya kabila lake na kabila la msichana huyu, hata nyumba kuchomwa wakati wa uchaguzi, na mengine hakuwahi kuyasimulia.

"Wariara," akalitamka jina polepole. "Ukishusha hiyo kitu yako, kuja jikoni."