Kibao cha Nyuma

Nyumba isiyo na gari wala pikipiki ilianza kunuka petroli mchana kweupe. Mke alipekua jikoni, akapekua uvunguni, wapi! Mumewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Vibao, alijua harufu inatoka wapi, ila alijikausha.

Ukutani sebuleni mwake vilining'inia vibao vya namba za magari ya zamani, magari ambayo mengine yalikwisha kuwa masufuria. Kati yake kulikuwa na kibao cheusi cha mbele, ambacho mwenzake wa nyuma fundi huyu alimsaka miaka nenda miaka rudi. Kibao kimoja ni bati tu, lakini jozi ndiyo ugonjwa wa wakusanyaji hawa. Wiki hiyo muuza vyuma chakavu alimpa cha nyuma, wakabadilishana kwa vibao vingine.

"Kaka, hivi vilitenganishwa makusudi," alimwonya. "Visilale nyumba moja."

Bwana Vibao alicheka, akavipigilia misumari sambamba.

Baada ya harufu ikaja ngurumo ya injini ndani ya ukuta. Kisha binti yao wa pekee akaanza kuketi mlangoni kila alasiri, viatu miguuni, mkoba mapajani.

"Unamngoja nani, mama?" baba alimuuliza.

"Dereva. Anasema sasa gari limekamilika."

Jamani! Mke alilia mpaka sauti ikakauka. Akaitwa shangazi wa mume, aliyezoea kusemezana na majini. Hakukaa hata kitini.

"Jini hili lilifungwa kwa kutenganisha vibao vyake," alinong'ona. "Nipe cha nyuma nikakizamishe mtoni leo hii, la sivyo litaondoka na mtoto. Na usinifanyie ujanja. Tamaa mbele, mauti nyuma."

"Nakuletea, shangazi."

Hapa ndipo ninapotamani kumzaba kibao changu mwenyewe. Alikibandua kile cha nyuma, akaingia nacho chumbani, na mle kabatini alikuwa na cha bandia, alichokichonga zamani ili kuziba pengo ukutani, basi mikono ileile iliyombeba binti yake tangu uchanga ikakipapasa kile cha kweli, ikasita, ikakificha nyuma ya kabati, ikafungasha cha bandia kwenye kitambaa, huku akijisemea kwamba bati ni bati, jini litajuaje.

Shangazi akaenda kukizamisha. Harufu ikakata, ngurumo ikanyamaza. Bwana Vibao alimshukuru Mungu kwa sauti, akarudi kwenye cherehani akipiga mluzi.

Jioni mkewe aliingia kutoka sokoni, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Mume wangu, ni nani uliyemtuma amchukue mtoto? Nimepishana nao pale kona. Gari kuukuu, jeusi, linang'aa! Nikajua anapelekwa kwa shangazi. Kanipungia mkono, mwanangu."

Bwana Vibao alikimbilia chumbani, akalivuta kabati. Nyuma yake palikuwa na vumbi tu.

Mke alimfuata mpaka mlangoni. "Ni nani yule?"