Mkono Kwenye Gia ya Pili

Su-chin aliliacha gari kwenye gia ya kwanza. Hilo alikuwa na hakika nalo, maana uwanja wa nyumba yao una mteremko, na mumewe alimzoesha hivyo tangu wiki ya kwanza ya ndoa: gia ya kwanza, breki ya mkono, tofali nyuma ya gurudumu. Asubuhi alikuta tofali lipo, breki ya mkono imevutwa, lakini gia iko kwenye ya pili. Siku ya kwanza alijilaumu mwenyewe. Siku ya tatu alifunga milango yote na kulala na ufunguo chini ya mto, na kulipopambazuka gia ilikuwa ya pili, na ndani ya gari kulinuka tambuu mbichi yenye chokaa.

Yeye hali tambuu. Aliyekuwa akila ni A-Teng, mumewe, na A-Teng alikuwa na siku thelathini na nane kaburini.

Huku juu kwenye mashamba ya chai hatumjui dereva kwa sura, tunamjua kwa sauti. Barabara inashuka kona baada ya kona, na anayeshuka kwa breki tupu atafika bondeni zinatoa moshi, kama atafika. Kwa hiyo watu hushuka kwa gia, injini ndiyo imshikie gari. Kirikuu cha buluu cha A-Teng, kigari cha kubebea mizigo, kilikuwa kimezeeka, ringi ya shaba inayoilainisha gia ya pili ikiingia imelika, na ukiivuta kwa pupa ilikuwa inalia na kukataa. Yeye aliijulia. Alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akagusa mafuta mpaka injini ikohoe, akakanyaga klachi tena, na ya pili ikaingia laini bila kelele. Jirani wote waliujua ule mkohoo. Su-chin alikuwa akiusikia kutoka kona ya mianzi, juu ya nyumba, na papo hapo anawasha jiko kupasha supu, na supu inachemka A-Teng anavua viatu mlangoni.

Tatizo likaja kuwa goti. Klachi mara mbili kila kona, miaka ishirini, goti la kushoto likavimba. Ndipo Ming-fa, fundi wa gereji ya bondeni, rafiki yake tangu shule, ambaye waliapishana undugu mbele ya madhabahu ya hekalu, akasema ataagiza ringi mpya. Gari lilikaa kwake siku mbili. Alipolirudisha alimpiga A-Teng begani.

"Nimeweka mpya. Sasa acha kudansi na klachi, mzee. Vuta tu, kama watu wa mjini."

Siku tisa baadaye A-Teng alishuka na mzigo wa chai kwenda mjini. Su-chin alikuwa anaosha vyombo. Alisikia gari likipita kona ya kwanza, likipita darajani, na hakusikia mkohoo. Alisikia injini ikipanda sauti kidogo, halafu ukimya, halafu kishindo kwenye kona ya chini ya daraja.

Siku ya kuita roho ya marehemu, Ming-fa ndiye aliyewaendesha kwa gari lake mwenyewe. Su-chin alikaa mbele, ameshika fimbo ya mwanzi yenye kitambaa cheupe na udi unaowaka. Kazi ya mjane ni kumwongoza mumewe kutoka alipofia mpaka nyumbani, na kila mahali barabara inapobadilika amtajie, kwa sababu roho iliyokufa ghafla haijui njia. Kona, A-Teng. Daraja, A-Teng, vuka. Alianza vizuri. Aliita kona, na gari likaanza kukaribia daraja, na hapo hapo Ming-fa akasema kwa sauti ya chini, macho yake barabarani:

"Shemeji, nisipokwambia mimi utaambiwa na wengine. Alitoa gia. Aliliachia gari lijiendee lenyewe."

"A-Teng?"

"Nimelikagua. Halikuwa kwenye gia yoyote. Wewe mwenyewe umesema hukusikia injini ikikohoa."

Ni kweli alisema hivyo. Mumewe, aliyekuwa akiwasuta vijana wote wa mlimani kwa kushuka bila gia, ameshuka bila gia, amemwacha peke yake na mashamba mawili ya chai kwa uvivu wa goti. Hasira ikamziba mdomo. Daraja likapita chini ya magurudumu, na Su-chin hakuita.

Tangu siku ile alimlaumu mumewe kila alipochoma udi. Ming-fa alinyoosha pua ya kirikuu, akakirudisha, wala hakutaka kupokea chochote. Watu wakasema shemeji wa namna hii haokotwi. Na mavuno ya mwisho wa mwaka yakaanza, na jani la chai halisubiri msiba, likichumwa asubuhi lazima liwe kiwandani kabla halijachacha. Kama Su-chin hashuki, shamba linakwenda na A-Teng.

Basi akashuka. Na siku ya nne baada ya kuikuta gia ya pili mara ya kwanza, ukungu ulishuka mchana, mweupe na mzito, akawasha taa na kuingia kona ya kwanza taratibu, magunia ya majani yakinukia nyuma yake, na alipopeleka mkono kwenye gia alikuta mpini una joto, joto la kitu kilichotoka kushikwa. Akaushika. Klachi ikazama chini ya mguu wake kabla hajaikanyaga, ikapanda, injini ikakohoa mara moja, mkohoo ule ule ambao kwa miaka ishirini ulimwambia awashe jiko, na klachi ikazama tena ikiuburuta unyayo wake kama unyayo wa mtoto anayefundishwa, na mpini ukaenda kwenye gia ya pili huku vidole vyake viko juu yake na kitu kingine kiko juu ya vidole vyake, na harufu ya tambuu ikamjaa puani, na gari likashikwa, likatulia, likavuka daraja na kuimaliza kona ya chini polepole, salama kabisa, wakati yeye ameng'ata kitambaa cha shingoni ili asipige kelele, kwa sababu aliona kwamba akipiga kelele atajibiwa.

Aliposimama gerejini kwa Ming-fa, aliruka nje na kuuacha mlango wazi.

"Yumo ndani ya gari," alinong'ona.

Ming-fa alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Su-chin zaidi. "Amefanya nini?"

"Anaingiza gia."

"Gia gani?"

"Ya pili."

Ming-fa aliendelea kufuta vidole ambavyo vilikuwa vimeshatakata. "Hukumwitia daraja, shemeji," akasema mwishowe. "Nilikuwapo. Hajafika nyumbani, amejishikiza hapo alipokufa. Mzimu wa namna hiyo hautaki kukaa peke yake. Utakuja kukuchukua. Twende kwa mzee Chuang, kesho, usingoje."

Mzee Chuang ni mganga wa hekalu letu, mtu mkavu, mwenye kikohozi chake na dharau zake. Alikuja uwanjani na kengele, udi, karatasi za kuchoma na bakuli la mchele. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho. Baada ya muda mguu wake wa kushoto ulianza kukanyaga hewa. Chini, juu, chini. Mkono wake wa kulia ukawa unavuta kitu kisichokuwapo, unavuta, unarudi, unavuta.

"Hasemi," mzee Chuang akasema kwa sauti nzito ambayo haikuwa yake kabisa. "Ana jambo, lakini hasemi. Anaonyesha tu." Akafumbua macho. "Mama, nimwulize au nimtoe? Kuuliza kunachukua siku tatu. Kutoa ni sasa hivi."

"Mtoe," Ming-fa akasema.

"Sijakuuliza wewe. Wewe si mkewe."

Su-chin alitazama mpini wa gia. Alikumbuka hasira yake na magunia yake, akakumbuka kile kilichokalia vidole vyake kwenye ukungu. "Alishaniacha mara moja," akasema. "Mtoe."

Mzee Chuang akarusha vipande viwili vya mbao vya kupigia ramli chini kuomba ruhusa. Vikakataa. Akarusha tena, vikakataa. Mara ya tatu vilikubali, naye akachoma karatasi, akapiga kengele kukizunguka kirikuu mara saba na kumwamuru A-Teng kwa jina lake kamili aondoke asirudi kwenye chombo kile. Su-chin aliona dirisha la upande wa dereva likifuka mvuke kwa ndani, kana kwamba mtu amepumua karibu na kioo, kisha mvuke ukakauka. Ming-fa alishusha pumzi ndefu kuliko ya mjane.

Kesho yake gia ilikuwa ya kwanza, pale alipoiacha. Hakukuwa na harufu. Su-chin akapakia majani na kushuka, jua linawaka, barabara kavu, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kona ya kwanza alivuta gia ya pili, ikalia na kukataa. Akavuta tena. Mpini ulimtetemesha mpaka kwenye bega na kurudi katikati, na gari, halina gia yoyote, likaanza kujiendea. Akakanyaga breki, ikashika, ikanuka, ikalegea. Daraja likaja. Kona ya chini ilikuwa mbele yake, na ukuta bado una rangi ya buluu ya gari lake, na hapo ndipo alipojua, kwa mwili kabla ya akili, kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa, kwamba A-Teng alivuta tu kama watu wa mjini kwa sababu aliambiwa avute, na gia ikamkatalia mikononi, na hakuliachia gari, gari ndilo lilimponyoka. Na zile siku zote A-Teng hakuwa anamwinda mkewe. Alikuwa anamsaidia kuingiza gia isiyoingia.

"Kanyaga," alijisemea kwa sauti, kama mumewe alivyomfundisha zamani naye akicheka. "Achia. Gusa mafuta. Kanyaga." Injini ikakohoa, vibaya, mkohoo wa mwanafunzi. Ya pili ikaingia. Kirikuu kikasugua ukuta kwa ubavu na kusimama.

Hakukipeleka kwa Ming-fa. Alikipeleka mjini, kwa fundi mmoja mwanamke aitwaye Kuei-mei, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akingoja giaboksi ifunguliwe. Mafuta yalitoka yanameta unga wa shaba. Kuei-mei alimwekea ringi kiganjani. Ilikuwa imelika, laini, haina makali popote.

"Hii ilibadilishwa miezi miwili iliyopita," Su-chin alisema.

"Nani kakwambia? Hii ndiyo iliyotoka na gari kiwandani, dada. Haijaguswa na mtu."

Su-chin aliifunga kwenye leso. Hakulia mjini. Alilia nyumbani, mbele ya picha ya marehemu, na alichokuwa akirudia ni kimoja: nimekufukuza. Alichoma udi, akaita jina lake, akaomba arudi. Udi uliungua mpaka chini. Nyumba ilikuwa tupu kuliko siku ya mazishi.

Mchana wa pili Ming-fa akapanda na machungwa ya kuweka madhabahuni, kama kawaida yake. Alikuta ringi iko juu ya meza, kwenye sahani ya machungwa. Alikaa bila kukaribishwa.

"Yangu ilikatika wiki ile ile," alisema. "Gereji imejaa watu wa mavuno, sina gari. Ile mpya nikaiweka kwangu. Niliagiza nyingine, shemeji. Ni wiki mbili tu. Nikajua A-Teng anaweza kuendesha hata gia isiyo na meno."

"Ulimwambia avute."

"Niliona aibu kumwambia nimeitumia."

"Na darajani? Aibu hiyo hiyo?"

Ming-fa aliuficha uso kwa mikono. Alikuwa analia, na Su-chin alimtazama akilia bila kuhisi kitu. Miaka ishirini alikuwa akimwita mtu huyu ndugu.

"Ringi ya mume wangu iko wapi sasa?"

"Kwenye gari langu. Nitaitoa. Nitaitoa leo."

"Nenda nyumbani, Ming-fa."

Alitoka. Su-chin akabaki dirishani. Wote mlimani wanajua Ming-fa anavyoshuka: anakanyaga breki tangu juu hadi chini, gia anaivuta tu, fundi mwenye gari linalolia breki. Lilianza kushuka hivyo hivyo. Kisha, kabla ya kona ya kwanza, likakohoa.

Mkohoo mmoja, safi, na gia ikaingia laini.

Mzee Chuang alimwamuru A-Teng asirudi kwenye chombo kile. Chombo kingine hakukitaja. Simu ilikuwa mezani, namba ya Ming-fa ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Su-chin aliitazama. Kule chini breki zilipiga yowe, zikanyamaza, na injini ikakohoa tena, bila haraka, kwa mguu wa mtu ambaye goti halimuumi tena.

"Kona, A-Teng," Su-chin alisema taratibu.

Gari likaingia darajani. Safari hii hakuwa na hasira ya kumziba mdomo.

"Daraja, A-Teng. Vuka."

Alisikia gia ikitolewa. Alingoja, na hakusikia nyingine ikiingia. Akaiacha simu pale ilipo, akaenda jikoni kuwasha jiko apashe supu.