Swichi ya Mektilda

Swichi ya taa na indiketa ilikuwa mezani, waya zote zimechomolewa, lakini indiketa ya kulia ya gari ilikuwa inapiga. Tik. Tak. Tik. Tak. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Tabora limechachamaa, na gereji nzima ilinuka dawa ya kusafishia vidonda.

Uwesu alichukua mita, akaipima swichi upya: taa ndogo, taa kubwa, kushoto, kulia. Nzima. Angeshangaa nini? Aliujua uzima wake tangu siku alipoiiba.

Ndiyo, aliiba. Fundi wa aina yake mnamjua: unampelekea gari lenye ugonjwa mmoja, unarudishiwa lenye miwili. Mektilda, muuguzi, alileta gari lake libadilishwe balbu tu. Uwesu akaona swichi orijino, mate yakamtoka, akaichomoa na kumfungia mbovu. Wiki mbili baadaye, giza likiingia kwenye barabara ya Sikonge, Mektilda aliwasha indiketa akate kulia, taa zote zikazimika. Lori la tumbaku halikumwona.

Ile orijino Uwesu aliifunga kwenye gari lake mwenyewe, ambalo mkewe Asmahani huendea Sikonge kufuata asali; leo aliichomoa aipime kwa kuwa indiketa ilikuwa inajipigia yenyewe.

"Baba Tatu," Asmahani alinong'ona mlangoni, "jana njiani taa zilizimika zenyewe. Na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mtu analia. Naogopa."

Uwesu anampenda mkewe, hilo tusimnyime. Alikimbilia kwa Mzee Shomari, mganga. Mzee alifukiza ubani, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza chini chini, "Ulimchukulia nini?"

Uwesu akakiri.

"Huyu hataki mbuzi wala kuku, anataka chake. Kakifukie pale alipofia, leo hii, umwombe radhi kwa jina lake. Ukimdanganya tena, mwanangu, mimi sina dawa."

Uwesu alikwenda. Alichimba, akaomba radhi, na machozi yakamtoka kweli. Lakini alichofukia kilikuwa swichi nyingine, chakavu, kwa sababu orijino siku hizi haipatikani, na marehemu, alijisemea, atajuaje?

Asubuhi aliirudisha ile orijino kwenye gari, akamwita mkewe aje amjaribie taa. Akiwa bado ameinamia betri, alisikia mlango wa dereva ukifungwa. Akafunika boneti, akasimama mbele ya gari, mgongo ukutani, kama afanyavyo siku zote.

"Kushoto!"

Ikawaka.

"Full!"

Taa kubwa zikawaka. Uwesu akatabasamu.

"Kulia!"

Indiketa ya kulia ikaanza kupiga, tik, tak, na ile harufu ya dawa ikamjia puani, nzito kuliko jana, huku kioo kikimetameta kwa jua hata asimwone aliyekaa ndani, ila mkono tu, mkono wenye sare nyeupe iliyolowa damu mpaka kiwikoni, ukiichezea swichi taratibu, kulia, kushoto, kulia, na injini ambayo hakuna aliyeiwasha ikaanza kunguruma.

"Baba Tatu!" Asmahani aliita kutoka getini, funguo za gari mkononi. "Nisamehe, nilikuwa naanika nguo. Bado unanisubiri?"

Uwesu alitaka kukimbia. Nyuma ukuta, mbele gari.

Kutoka kwenye usukani ikaja sauti ya upole, ile wauguzi wanayoongea nayo na mgonjwa kabla ya sindano.

"Simama hapo hapo, fundi. Sasa tujaribu breki."