Kuipa Kibla Mgongo

Mkoba wa chakula ulitangulia, Sihaba nusura aufuate. Alikanyaga jiwe lenye ukoga, mguu ukateleza, akawahi kukamata mzizi. Mkoba ukabiringika, ukagonga mwamba, kisha wakasikia chubwi! huko chini. Wali, tende na soda, vyote bondeni.

"Dada, umeumia?" Haidar alimvuta kwa makwapa.

"Goti tu. Mkoba je?"

Haidar alichungulia bondeni, akatikisa kichwa. Asubuhi, kabla basi halijatoka Guangzhou, Sihaba alijidunga sindano yake ya kisukari, akanywa chai kavu, akasema atakula vizuri mlimani. Walipofika juu akasema wasali adhuhuri kwanza, ndipo wale. Sasa dawa ilikuwa mwilini na chakula kilikuwa shimoni. Mtu wa sindano asipokula, sukari humshuka, na ikishuka mno huzimia asiamke tena.

Meli ya mizigo yao ilikuwa imechelewa kupakia bandarini Huangpu, na mfanyabiashara asiye na shughuli hakaliki. Getrude, mtu wa Mwanza, ndiye aliyeona kalenda kwenye duka la vitambaa kule Zhongda: miti jamii ya msonobari iliyogeuka dhahabu tupu kabla ya kupukutika. Mwenye duka akamwambia ni mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Sihaba, Mzanzibari aliyeizoea China, alikubali kwa ajili ya mdogo wake Haidar, aliyefika juzijuzi, Novemba ile ya 1998, na tayari alikuwa anajua kila kitu. Miti waliiona kweli. Ilisimama mgongoni mwa mlima imewaka manjano, majani yake membamba kama sindano yakiwadondokea mabegani, na Getrude alipiga picha hadi filamu ikaisha. Ndipo ukungu ukaja.

Ulikuwa mzito, wa baridi, unaoingia mpaka kwenye mbavu. Njia waliyopandia haikuonekana.

"Nina pipi mbili," Getrude alisema akipekua mifuko. "Mpe zote. Tushuke sasa hivi, kabla hajaanza kutetemeka."

"Tushukie wapi?" Haidar alizunguka pale pale kama kuku aliyefungwa mguu. Kisha akapata akili, au alidhani amepata. "Dada, pale tuliposali ulituonyesha kibla wapi?"

Sihaba alinyoosha mkono.

"Basi kazi imekwisha! Huko ndiko kaskazini. Barabara ya basi iko kusini mwa mlima. Tunaipa kibla mgongo, tunakwenda moja kwa moja."

Getrude, Mkatoliki, aliona hilo ni jambo la wenyewe, hakubisha, na Sihaba, aliyekuwa ameinama akilifunga goti lake, hakuyasikia. Haidar naye hakuwa na shaka hata chembe. Unguja, mtu akielekea kibla ameelekea kaskazini. Ndivyo walivyojenga nyumba, ndivyo walivyozika wazee wao.

Walikwenda wakilenga mti hadi mti, magogo yaliyooza yakiwanasa miguu. Mteremko waliousubiri haukuja. Ulikuwa mgongo wa mlima tu, unaendelea, unaendelea. Pipi zilikwisha nguvu mapema. Sihaba alianza kutoka jasho katika baridi ile, midomo ikamcheza, magoti yakakataa. Haidar akambeba mgongoni, Getrude akawafunga pamoja kwa kanga.

"Si huku, Baba," Sihaba alinong'ona sikioni mwake. "Kulia. Shuka kulia."

"Anamwita nani?" aliuliza Getrude.

"Marehemu baba yetu. Anaweweseka." Haidar aliongeza mwendo.

"Kulia, Baba."

"Nyamaza, dada, usijichoshe."

Haidar aliogopa. Kila aliposikia pumzi ya dada yake ikipungua shingoni alitaka kukimbia, na hapakuwa na pa kukimbilia. Alimkasirikia Getrude kwa kalenda yake, akaikasirikia meli.

Jioni ukungu ulipasuka nyuma yao. Mwanga mwekundu uliwapiga visogoni, wakageuka. Jua lilikuwa linazama huko huko walikotoka, upande ule ule alioelekea Sihaba aliposali.

Haidar alisimama kama aliyepigwa kofi. Kwao, mtu akielekea kibla, jua humzamia mkono wa kushoto. Hapa lilizama mbele. Maka haikuhama, wao ndio waliokuwa wamevuka nusu ya dunia. Huku kibla ni magharibi, na alasiri yote alikuwa akimpeleka dada yake mashariki. Akalipa jua mgongo tena.

"Getrude, kusini ni kulia."

"Ndivyo alivyosema yeye!"

"Najua! Najua alivyosema!"

Walijitupa kulia. Waliteleza kwa makalio, wakashika mianzi, mikono ikachanika. Sihaba hakusema kitu tena. Kichwa chake kilikuwa kizito begani kwa Haidar, naye akawa anamsemesha ovyo, habari za utotoni, za mama, ili tu asikie akiguna. Aliguna mara chache, kisha akaacha.

Mianzi iliisha ghafla, wakaangukia shamba la machenza. Mzee mmoja alikuwa anapakia makreti kwenye trekta dogo kando ya barabara. Haidar alifungua kinywa. Kichina chake chote kilikuwa cha sokoni Shisanhang.

"Laoban! Bosi! Duoshao qian? Bei gani? Duoshao qian?" alipiga kelele huku akimwonyesha dada yake, machozi yakimtoka.

Mzee aliutazama ule uso wa Sihaba. Hakutaja bei. Alipasua chenza kwa kidole gumba, Getrude akamwinua Sihaba kichwa na kuanza kumpaka maji yake kwenye fizi, tone baada ya tone.

"Taratibu, asipaliwe. Meza, da Sihaba. Meza, mama."

Walingoja. Haidar alikuwa amepiga magoti matopeni, ameushika mguu wa dada yake kwa mikono miwili. Koo la Sihaba likacheza. Wakapasua la pili, la tatu. Giza lilikuwa limeanza kuingia alipofumbua macho, akamwangalia mzee wa Kichina, akamwangalia Getrude anayelia, akamwangalia mdogo wake anayelia zaidi.

"Kwani kafa nani?" aliuliza.

Haidar alijifuta machozi kwa kiganja. Alichukua chenza jingine, akalimenya, akamtilia kinywani.