Shangazi wa Toleo la Tano

Kamati Ndogo ya Kuondoa Maneno Yanayomtisha Mteja katika Programu ya Kusimamia Intaneti ya Nyumbani, Toleo la Tano, ilikaa vikao kumi na kimoja. Katika kikao cha kwanza iliondoa kitufe cha "Hapana", kwa kuwa kinavunja moyo. Katika cha saba ikaondoa "Futa", kwa kuwa linakumbusha msiba. Cha tisa kilirefuka, maana biskuti zilikuwa nyingi, na humo likang'olewa "Kifaa kisichojulikana". Mteja, alisema mwenyekiti, hapaswi kuambiwa kwamba nyumbani kwake kuna kitu asichokijua.

Tangu siku hiyo kila kifaa kilichoshika intaneti ya nyumba kilipaswa kupewa mmiliki kutoka kwenye orodha: mama, baba, bibi, babu, mjomba, shangazi, mtoto. Usipochagua, huendelei.

Msanifu wa programu, mwanamke asiyependa kazi ya nusunusu, aliipeleka kwake kuijaribu. Kwake waliishi watatu: yeye, mama yake mzazi, na bintiye wa miaka sita, waliyemwita Tetere kwa mwendo wake wa madaha. Kila mmoja alikuwa na kifaa kimoja. Programu ikahesabu vinne.

"Mama, una simu nyingine?"

"Hii moja tu inanitoa jasho," mama yake akajibu. "Ya pili ya kumpigia nani?"

Kifaa cha nne kilikuwa chumbani kwa Tetere, mawimbi yamejaa. Msanifu alipekua, akaambulia soksi moja na biskuti iliyong'atwa. Ripoti ilitakiwa Jumatatu iliyofuata. Akabonyeza "Shangazi" na kucheka peke yake, maana baba wa Tetere, popote alipokuwa, alizaliwa peke yake, na mtoto hakuwa na shangazi hata wa kuazima.

Jumatano, akiwa mkutanoni, simu ikatetemeka. *Shangazi angependa kukusaidia kumlea Tetere.* Chini yake kitufe kimoja: *Sawa.* Alibonyeza ili ujumbe uondoke.

Jioni alipofungua mlango alipokewa na harufu ya nywele zilizoungua, na nyuma yake harufu nyingine, ya maji yaliyolala kisimani miaka mingi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye korido, mgongo ukutani, macho kwenye mlango wa mjukuu.

"Sema polepole," mama akanong'ona. "Kuna mtu humo. Anamsuka nywele."

Ndani alikuwapo Tetere peke yake. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba kama nyuzi, kazi ya siku mbili kwa mikono ya binadamu.

"Nani kakusuka, mwanangu?"

"Shangazi."

"Mbona hujala?"

"Amesema nisile vyenu. Tutakula kwake."

"Kwake wapi?"

Mtoto akaelekeza kidole sakafuni, kwa adabu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Usiku huo walilala watatu kitanda kimoja, asubuhi wakamkuta Tetere chumbani kwake. Kwenye kalenda ya familia, ambayo kamati iliisifu kwa rangi zake, kulikuwa na jambo jipya: *Ijumaa saa sita mchana. Safari. Shangazi na Tetere.* Hakukuwa na siku ya kurudi.

Msanifu alimpigia mwenyekiti. "Nirudishie 'Futa', mkuu. Kwa nyumba moja tu. Mwanangu yuko hatarini."

"Pole sana, dada. Andika maombi. Tunakaa Jumatatu."

Akachomoa waya wa ruta, na taa zake zikaendelea kuwaka. Akaing'oa ruta ukutani, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na kutoka ndani ya maji zile taa zikamtazama, kijani, kijani, kijani, huku chumbani sauti ya mtoto ikihesabu vidole vya mtu na kupita kumi, kupita ishirini, ikiendelea kuhesabu bila kushangaa, na harufu ya kisima ikipanda miguuni mwa msanifu kama baridi.

Ijumaa asubuhi akamwita Fundi Waya, mama mmoja mwenye ngazi begani aliyevuta nyaya katika nusu ya nyumba za mtaa ule na kutoa, pembeni, huduma ambazo hazikuandikwa kwenye risiti. Fundi aliinusa korido, akaiweka ngazi chini.

"Ulimpa undugu?"

"Programu ilinilazimisha."

"Aa. Programu." Fundi akashusha sauti. "Kila nyumba ina kitu, dada yangu. Zamani mtu aliona hakijulikani, akapita zake, nacho kikapita zake. Mpita njia unamfukuza. Ndugu humfukuzi. Ndugu anahamia kwa ndugu wengine, basi. Hamna kitufe cha hivyo?"

Kilikuwapo. Baada ya kuliua "Futa", kamati ilizaa "Hamisha".

"Nimhamishie wapi?"

"Hilo usiniulize mimi," Fundi akasema, akichukua ngazi yake. "Mimi nalala vizuri, nataka niendelee."

Saa sita kasoro dakika nane mlango wa Tetere ulijifunga. Bibi wa Tetere aliupiga kwa viganja, akiita "mjukuu wangu, mume wangu mdogo, nifungulie", akichanganya maneno kwa hofu. Msanifu alibonyeza "Hamisha", akaweka namba ya nyumba tupu ya kampuni. *Nyumba hii haina mtu wa kumpokea Shangazi. Jaribu nyingine.* Akaweka namba ya ofisi. *Jaribu nyingine.* Nyuma ya mlango Tetere alikuwa akiaga, na kila "kwaheri, mama" ilitoka mbali zaidi kuliko iliyotangulia, kama ya mtu anayeshuka ngazi ndefu, katika chumba kisicho na ngazi, katika nyumba isiyo na chini ya kushukia.

Zilibaki dakika mbili. Aliandika tarakimu zozote zilizomjia vidoleni. Programu ikafurahi. Ikamchorea familia ya nyumba hiyo, kwa mtindo aliouchagua mwenyewe, vichwa vya mviringo na mashavu mekundu: baba, mama, mtoto wa miezi minne. *Shangazi atapokelewa hapa. Sawa?*

Aliitazama picha hiyo kwa muda wote aliokuwa nao.

Ripoti ya majaribio ilifika kwa kamati Jumatatu ikiwa na mstari mmoja: "Nyumbani kwa msanifu: kasoro hakuna." Kamati ilipiga makofi na kuupitisha.

Kilichotokea ni hiki. Saa sita kasoro sekunde chache msanifu alibonyeza Sawa. Mlango ulifunguka, na Tetere akatoka akiwa na njaa. Katika nyumba ile nyingine, ambayo msanifu hajawahi kuitafuta, mtoto wa miezi minne hakuonekana tena.