Ushahidi wa Alawiya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Alawiya alikuwa na kazi zake: kuteka maji, kufagia ua na kuwapa kuku chakula. Kwa miezi miwili sasa kazi moja zaidi ilikuwa imeongezeka. Ilimbidi apeleke bakuli la uji kwa Ummu.

"Shika kwa mikono miwili," mama yake alimwambia. "Usije ukaumwaga kama jana."

"Jana nilikuwa nampisha punda, mama."

"Punda hawakuanza kupita mtaa huu wa Mkomani jana."

Alawiya mwenyewe alikuwa amekunywa chai kavu na kipande cha mkate uliolala. Uji wa mchele, wenye tui na iliki, ulikuwa wa Ummu. Hata kile kitambaa cha maua ya manjano, alichoahidiwa yeye kwa ajili ya Idi, kilikuwa kimeshonwa gauni la Ummu. "Mgonjwa anataka kitu cha kumfurahisha," mama alisema, na maneno yakaishia hapo.

Ummu alikuwa binti wa mama yake mkubwa. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, walikaa dawati moja shuleni na mkeka mmoja chuoni kwenye Kurani. Kabla ya ajali, watu walikuwa wakiwaita mapacha.

Ajali yenyewe ilitokea mwanzoni mwa mwaka 1969, ng'ambo huko Mokowe, upande wa bara, maana kisiwani Amu, yaani Lamu, hakuna magari. Siku hiyo baba yake Ummu, Bwana Jaafar fundi seremala, alikwenda kupokea mbao akawachukua wasichana wote wawili wakatembee. Walisimama karibu na gati wakimngoja. Watoto wa Amu wanajua kumpisha punda: ukisikia kwato, unajibana ukutani. Lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba lori huweza kukujia kwa mgongo. Lile lori lilirudi nyuma ghafla. Alawiya aliruka. Ummu hakuwahi.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Alipofunguliwa plasta, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Daktari alisema apelekwe hospitali kubwa ya Mombasa upesi, afanyiwe operesheni na kuungwa upya, la sivyo atachechemea maisha yake yote. Bwana Jaafar hakuwa na uwezo huo.

Shuleni, watoto waliyachukua maneno ya daktari wakayakuza.

"Ummu atapanda ndege kule Manda!" alisema Roselyn, binti wa askari wa polisi. "Na Mombasa atakaa kwa baba yako, Alawiya. Mama yangu amesikia. Wewe je, utapanda nini? Punda?"

Wenzake walicheka. Alawiya alicheka pia, lakini moyoni maneno yalimchoma. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Mombasa, na hakuwa amerudi nyumbani tangu mwaka uliopita. Kila alipoomba apelekwe, aliambiwa, "Mwakani, inshallah." Na sasa Ummu ndiye angefunguliwa mlango na baba, ndiye angeulizwa, "Umeshakula, mwanangu?"

Tangu siku ile, kila alipoliona bakuli la uji, aliuona mlango huo.

Ijumaa moja Mwalimu Fanuel, mwalimu wao kutoka bara, alikwenda kumtazama mwanafunzi wake. Alawiya alikuwepo, akimpepea Ummu. Mwalimu aliona karatasi juu ya kiti, akaomba ruhusa aisome.

"Imetoka kwa mwenye lori," alisema Bwana Jaafar. "Nitie sahihi, mambo yaishe. Dereva mwenyewe alikuja na wazee wawili, akaleta halua, akalia hapo ulipokaa. Nimemsamehe. Ni kadari ya Mungu."

"Umefanya vyema kumsamehe, bwana. Lakini karatasi hii haizungumzii msamaha. Inasema kwamba hutadai kitu chochote, leo wala kesho, kwa ajili ya mguu wa mtoto."

"Nidai nini, mwalimu? Nti hii ya Amu hatuna magari. Hatujui mambo yake."

"Sheria inamtaka kila mwenye gari alikatie bima. Kila mwaka analipa katika kampuni, ili gari lake likimuumiza mtu barabarani, kampuni imtibu yule aliyeumia. Dereva hatatoa hata senti mfukoni mwake."

Bwana Jaafar alitikisa kichwa. "Nikishasema nimesamehe, kisha nikaenda kudai, si nitakuwa nimerudi nyuma na neno langu?"

"Mimi si mtu wa dini yako," alisema Mwalimu Fanuel kwa upole. "Usitie sahihi leo. Nenda kwanza ukamuulize kadhi."

Bwana Jaafar alikwenda baada ya sala ya alasiri. Aliporudi alimwambia mkewe, "Kadhi ameniuliza swali moja tu: 'Huo mguu ni wako?' Nikasema ni wa mtoto. Akasema, 'Basi hasira yako unaweza kuisamehe. Haki ya mtoto umewekewa uilinde, hukupewa uigawe.'"

Karatasi ya mwenye lori ilirudishwa bila sahihi. Mwalimu Fanuel alisaidia kuandika barua kwa kampuni ya bima, wakaambatisha ripoti ya polisi na cheti cha daktari. Baada ya majuma matatu akaja mtu kutoka Mombasa, mwembamba, mwenye mkoba wa ngozi. Aliitwa Bwana Phineas, na kazi yake ilikuwa kuichunguzia kampuni habari za ajali.

Alawiya aliitwa sebuleni kwa Bwana Jaafar. Mama yake alikaa kando yake.

"Binti, siku ile ulikuwa umesimama karibu na Ummu?"

"Ndiyo, bwana."

"Dereva anasema Ummu alikimbia nyuma ya lori kuokota korosho zilizomwagika. Na utingo, yule msaidizi wake, anasema alikuwa nyuma ya gari akipiga kelele watu wajiepushe. Baba yake Ummu alikuwa mbali, hakuona. Umebaki wewe. Uliona nini?"

Alawiya alikuwa ameona yote. Ummu hakukimbia popote. Alikuwa amesimama pale pale, ameshika kikapu. Lakini Alawiya alipofungua kinywa, akilini alimwona Ummu ndani ya nyumba ya baba yake yeye Alawiya kule Mombasa, amevaa gauni la maua ya manjano.

"Sikuona," alisema. "Nilikuwa nimetazama baharini."

"Hukuona hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bwana Phineas alifunga faili lake. "Basi sina la kuandika ila nililoambiwa na dereva, na kwa maneno hayo kampuni haitalipa. Kesho asubuhi naondoka."

Hakuna aliyemgombeza Alawiya. Mama mkubwa alimpa hata kikombe cha chai, naye alikinywa kwa shida.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Alawiya alipoingia na uji alimkuta Ummu ngazini. Alikuwa amekaa juu ya kidato, anashuka kimoja kimoja kwa makalio, mguu mbovu umenyooka mbele. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Ummu! Utaanguka!"

"Usinishike. Nataka nizoee kushuka kutawadha mwenyewe. Baba amesema Mombasa hatuendi tena."

Alawiya alisimama na bakuli lake. "Umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa nini? Kama hukuona, hukuona." Ummu alishuka kidato kingine, akauma midomo. "Lakini nakuonea wivu, wallahi. Kila siku nakusikia unazishuka ngazi hizi mbili mbili. Nikikusikia, najifunika shuka."

Alawiya aliweka bakuli kwenye kidato akatoka mbio.

Gatini, Bwana Phineas alikuwa tayari ameshatia mguu kwenye boti ya kumvusha Manda, kwenye uwanja wa ndege.

"Bwana! Bwana wa bima! Ningoje!"

Wapagazi walicheka. "Taratibu, binti! Huyo bwana ana mke Mombasa!"

Alawiya hakuwajali. "Niliona," alisema akihema. "Jana nilisema uongo."

Bwana Phineas aligeuka. "Jana hukuona, leo umeona. Nani amekutuma? Bwana Jaafar?"

"Hakunituma mtu. Hata uji nimeuacha ngazini."

"Basi niambie jambo ambalo dereva hakuniambia."

"Utingo hakuwa nyuma ya lori. Alikuwa kwenye kibanda cha chai, amekaa juu ya debe, anakunywa chai kwa kisahani. Ummu alipopiga kelele ndipo alipokitupa kisahani akakimbia. Kikavunjika. Mwenye kibanda akamfuata anamwambia, 'Na kisahani changu?' Halafu akaona damu, akanyamaza."

Bwana Phineas alirudisha mguu wake gatini. "Huyo mwenye kibanda yupo bado?"

"Yupo Mokowe kila siku."

"Twende kituo cha polisi. Na mama yako aitwe. Mtoto haandikiwi maneno bila mzazi."

Mbele ya koplo na mama yake, Alawiya alieleza tena tangu mwanzo. Koplo aliandika polepole. Mwisho Bwana Phineas akauliza, "Kwa nini jana ulisema hukuona?"

Alawiya alitazama sakafu. "Kwa sababu Ummu angekwenda kwa baba. Na mimi nisiende."

Mama alivuta buibui akajifunika uso.

"Walionituma hawatafurahi," alisema Bwana Phineas akikusanya karatasi zake, "lakini nimelipwa kutafuta ukweli, na huu ndio ukweli." Siku hiyo hiyo akavuka kwenda Mokowe, na mwenye kibanda akathibitisha kila neno.

Hata hivyo majibu hayakuja upesi. Barua ilifika baada ya majuma matano. Kampuni ilikubali kugharimia nauli na matibabu, na kutoa fidia iliyowekwa kwa jina la Ummu mpaka awe mtu mzima. Dereva naye alipopata habari alimtumia Bwana Jaafar salamu, na Bwana Jaafar akazipokea. Msamaha wake haukuwa umepungua.

Siku ya safari, Ummu alibebwa kwa kiti mpaka kwenye boti. Boti ilipokwisha kuondoka, Alawiya na mama yake walikaa juu ya ukuta wa gati.

"Kosa la kwanza lilikuwa langu," alisema mama. "Nilikupa kazi, nikachukua kitambaa chako, na wala sikukaa nawe nikueleze. Mtoto asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, na hujieleza vibaya. Lakini kosa la pili lilikuwa lako. Ulichokiona Mokowe hakikuwa chako. Kilikuwa haki ya Ummu, imewekwa machoni mwako. Ukiitwa useme, sema, kwa unayempenda na kwa usiyempenda. Wivu kukuingia ni jambo la binadamu. Usiupe kazi ya kufanya, basi."

Alawiya alichezesha miguu juu ya maji. "Mama, bado namwonea wivu kidogo."

Mama alicheka, akamvuta karibu. "Basi mwombee dua hivyo hivyo, na wivu wako ndani. Mwenyezi Mungu anajua lipi la kuitikia."

Alawiya akainua mikono yake.