Chumba cha Mwisho Kisiwani

"Elfu thelathini kwa mlango ulioupigilia misumari? Nilikutuma ufungue, wewe umefunga!" Jackson alicheka nyuma ya kaunta ya duka lake pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu.

"Milango yote nimefungua, bosi. Huo mmoja kafungue mwenyewe."

Huyu ni rafiki yetu Ambindwile, fundi seremala, mtu asiyejua kubembeleza. Serikali ilipoanza kuuza mali zake, Jackson alinunua nyumba kuukuu ya chifu, kisiwani katikati ya ziwa, aifanye gesti. Zamani chifu alihamia humo kila kiangazi, na wake zake na ng'ombe wake. Uchifu ulipofutwa ikawa ghala la ushirika, mwishowe wakabaki popo.

Juzi mchana, ukungu ukiwa umefunika ziwa, Ambindwile alifungua chumba cha mwisho. Giza tupu. Ndani akasikia maziwa yakikamuliwa kibuyuni, chwii, chwii, na pumzi nzito ya ng'ombe. Kisiwa kile hakina hata mbuzi.

"Nani humo?" alifoka. "Toka tuonane!"

Kisha kibuyu kikasukumwa taratibu sakafuni, mpaka kikagusa kiatu chake. Akakiokota, akautia mlango misumari.

Ambindwile alipomaliza kusimulia hayo, Jackson alisonya. "Nikulipe kwa hadithi, fundi?"

Ambindwile akakitua kibuyu juu ya kaunta. "Shika."

Jackson akakishika, akauondoa mkono haraka. Maziwa ya juzi yalikuwa bado ya moto, povu likipanda, kama ndiyo kwanza yanatoka kiweleni.

"Elfu thelathini zangu."